Kasi Zaidi Mno

Leonard Stathers alifunga ncha ya kamba kwenye kitasa cha mlango wa jikoni wa dada yake, akaivuta mara mbili kuhakikisha imeshika, kisha akaanza kutembea kuelekea baharini huku mafundo, kila moja la yadi moja, yakimpita mkononi moja baada ya jingine. Fundo la kwanza lilikuwa kizingitini. La sita likaangukia kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Hapo alisita, kwani kichwani mwake nguzo ile ilikuwa ya fundo la tano, lakini alikuwa na miaka sitini na moja na tangu kiangazi alikuwa akisahau hata alikoweka miwani. Akaendelea. Nyasi zilipoanza kupungua alilala kifudifudi, kama baba yake alivyomfundisha, akamalizia kwa kutambaa kwa tumbo hadi ukingoni mwa genge.

Alichungulia. Chini kabisa bahari ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, kwa udongo ilioula. Bonge la udongo, kubwa kama gari la kubebea nyasi, lilikuwa limelala ufukweni, na juu yake nyasi bado zilikuwa mbichi, zikipepea kana kwamba hazijapewa habari. Leonard alihesabu mafundo upya. Kumi na matatu. Mwezi uliopita yalikuwa kumi na matano.

Alipokuwa akirudi nyuma kwa magoti aliuona ufa. Ulikuwa mwembamba, upana wa kidole, umekata bustani kutoka ua hadi ua, na ulipita upande wa huku wa nguzo ya nguo, upande wa nyumba. Aliingiza fimbo yake. Ikazama hadi mkono wake ukagusa majani, na bado haikufika mwisho. Novemba ile haikuwa na upepo, na kimya chake hakikumpendeza hata chembe.

Watu wa Owthwick, kijiji cha pwani ya Uingereza kilichobakiwa na nyumba kumi na saba, hawaandiki yadi kitabuni. Walikuwa wakiandika zamani, hadi halmashauri ilipotoa amri kwamba nyumba yoyote iliyo chini ya yadi kumi kutoka ukingoni ibandikwe karatasi nyekundu mlangoni na mwenyewe aondolewe. Tangu siku ile kitabu cha kanisa kikaacha kusema namba. Kinasema maneno. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi Leonard hupima, na Jumapili huandika mstari mmoja juu ya kila nyumba ya mbele, na mstari huo husomwa baada ya sala. Maofisa waje na miwani yao, wataambulia sentensi.

Na Waingereza wanajua kutumia sentensi. Mtu wa kwingine akiambiwa kitu kinakuja kasi zaidi hutosheka na habari hiyo, akaondoka njiani. Wao hawatosheki. Kwao kitu huja kasi zaidi kidogo, au kasi zaidi kiasi, au kasi zaidi sana, na yule anayesikiliza hashughuliki na kuja wala na kasi. Husubiri kijineno kile kinachotiwa hapo kupima uzito, kama mpishi anayetazama vidole vya mwenzake vinachukua chumvi kiasi gani. Tena huwa wachoyo wa chumvi hiyo. Mtu wa Owthwick akiangukiwa na paa atasema mambo yangeweza kuwa mazuri kidogo. Kwa hiyo neno dogo kwao huonya, la kati hutisha, na lile kubwa kuliko yote, mno, halisemwi ovyo. Kitabuni, kwa miaka sitini, lilikuwa limeandikwa mara moja tu.

Aliyeliandika ni Arthur Stathers, baba yake Leonard. Alipima nyumba ya akina Coverdale, akaona alichokiona, akaandika: ukingo unakwenda kasi zaidi mno. Akina Coverdale walihama ndani ya wiki. Na ukingo, utadhani umesikia, ukasimama. Ulisimama miaka kumi na mmoja mbele ya lango lile tupu. Mzee Coverdale alifia mjini Hull, katika chumba cha ghorofa ya pili, kiti chake kikiwa kimetazamishwa kituo cha mabasi. Mjane wake alileta barua ya mistari miwili: mume wangu amekufa, nyumba yetu bado imesimama. Arthur aliikunja akaitia kitabuni, na humo imo hadi leo. Kijiji kikampachika jina, Arthur Mno, na watoto wa shule walimwita hivyo njiani akipita na baiskeli. Mwaka wa kumi na mbili nyumba ile ilikwenda yote kwa alasiri moja. Hakuna aliyekuja kumwomba radhi, naye wakati huo alikuwa keshaacha kwenda popote penye watu.

Leonard alikuwa na miaka tisa alipolisikia jina hilo mara ya kwanza. Alilia njia nzima hadi nyumbani, na aliyemfuta machozi ni Enid, dada yake, maana mama yao alikuwa ameshakufa.

Enid sasa alikuwa na miaka sabini na minane, mjane, mfupi, mwenye mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika Njia ya Pwani. Jiko lile mumewe Wilf alilijenga kwa mikono yake, na katika fremu ya mlango kulikuwa na alama za penseli za urefu wa binti yao Judith hadi alipofika miaka saba, umri aliokufa nao. Hakuna aliyezitaja alama hizo. Kila fremu ilipopakwa rangi, brashi ilizizunguka.

Alipoingia Leonard, birika lilikuwa tayari, na keki ya matunda imekatwa pamoja na kipande cha jibini pembeni.

"Vua viatu, Len. Umeniletea nusu ya bustani."

"Ndiyo nusu iliyobaki."

"Usinichekeshe, nina chai ya moto mkononi." Alimimina vikombe viwili. "Haya. Ukingo unakwendaje?"

Ndilo swali lake la kila mwezi, na kila mwezi alilingoja jibu akiwa amemgeuzia kisogo. Miaka mitano nyuma, walipomzika Wilf, alimwambia Leonard mbele ya kaburi: halmashauri siisikilizi, redio siisikilizi, nakusikiliza wewe, siku utakayoandika mno, nitachukua koti langu. Leonard aliitikia kwa kichwa bila kujua anapokea mzigo gani. Agosti aliandika kidogo. Septemba aliandika kidogo. Oktoba, alipokuwa akijua kabisa neno la kuandika, aliandika kiasi, akatoka kanisani na jasho mgongoni. Aliogopa kumwua dada yake kwa neno. Na aliogopa pia, jambo ambalo hakulipenda ndani yake, kuitwa Len Mno.

"Unakwenda kasi zaidi kiasi," alisema.

"Kiasi." Enid alilionja neno lile. "Kama mwezi uliopita."

"Karibu na hapo."

"Basi tule keki."

Mlango wa mbele ukagongwa. Alikuwa Neville Tranmer, mkulima wa shamba la pili, jitu la mtu ambalo halikuwahi kumtembelea mtu kabla ya saa sita mchana. Alisimama barazani akizungusha kofia, na sauti yake ikapenya ushorobani.

"Samahani, Enid. Nimepoteza kona ya shamba la shayiri leo asubuhi. Na ule ua."

"Ua wote?"

"Karibu wote. Sipendezwi sana, kusema kweli."

Leonard, jikoni, aliweka kikombe chini. Alimjua Neville miaka hamsini. Hata trekta ilipomlalia mguu alisema tu kwamba hali haimfai.

"Ingia upate chai, Neville."

"Ningependa wewe utoke kidogo, uone. Kutoka hapa langoni panaonekana."

Enid alichukua shali akatoka. Leonard alibaki peke yake na kamba, imelala sakafuni na matope yake. Kwa kawaida Enid ndiye aliyeikunja. Tangu masika alikuwa akimpokonya, mikono yako michafu, Len, lete nikunje mimi, na kuining'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango. Leo aliikunja mwenyewe, kwa namna aliyofunzwa utotoni: ncha puani, mkono unanyooka ubavuni hadi kidole cha mwisho, na hiyo ni yadi moja. Pua, kidole, fundo. Mkono wake haukuwahi kukosea.

Fundo la kwanza lilikuja sawa. La pili lilimfikia kifundo cha mkono. La tatu hivyohivyo, la nne likamfikia juu zaidi. Alidhani amejikunja vibaya. Akajinyoosha kama askari, akarudia. Fundo lilikataa kwenda kidoleni. Aliisogeza kamba dirishani na kuitazama kwa makini, na akaona, kati ya fundo na fundo, mahali nyuzi zilipokunjamana na kuwa nyeupe zaidi, mahali ambapo mafundo ya zamani yalikuwa yamefunguliwa. Mafundo ya sasa yalikuwa madogo, nadhifu, yamekazwa na vidole vilivyozoea kufunga vifurushi vya keki.

Basi mafundo kumi na matatu hayakuwa yadi kumi na tatu.

Alitoka nje kwa soksi. Alitembea kutoka kizingitini akihesabu hatua ndefu za baba yake, na hakuhitaji kulala chini ili ajue. Tisa. Tisa na nafasi ya kiatu. Na ufa ule ulikuwa katika hatua ya nne, na tangu alipoingia kunywa chai ulikuwa umepanuka ukatosha kuingiza ngumi.

Aliporudi ndani, Enid alikuwa amesimama jikoni na shali yake mabegani. Neville hakuwapo. Dada yake alitazama soksi zilizolowa, akatazama kamba juu ya meza, kisha akavuta kiti na kukaa.

"Ulianza lini?" Leonard aliuliza.

"Machi."

"Enid."

"Kidogo kidogo. Mafundo mawili, matatu, kila mwezi. Sikutaka ukose usingizi." Alizungusha kikombe chake kwenye kisahani. "Wewe uso wako hauwezi kuficha kitu tangu uko kwenye nepi. Nikasema nikupe hesabu utakayoweza kuibeba."

Leonard alitaka kukasirika. Alikuwa na haki yote ya kukasirika, lakini hasira ilipokuja ilikuta njia imezibwa na aibu yake mwenyewe.

"Hata hiyo hesabu yako sikuibeba," alisema. "Oktoba sikukwambia nilichokiona. Wala leo sikukwambia. Kiasi si neno lake."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Oktoba ulimaliza keki bila kugusa jibini, nawe huliachi kamwe."

Walitazamana, watu wazima wawili waliokuwa wakidanganyana kwa huruma miezi mingi juu ya ardhi inayoliwa. Mahali fulani nje, chini, kitu kizito kilianguka majini. Hakikupiga kelele kubwa. Vikombe viligongana kwenye ndoano zake, vikatulia.

"Niulize tena," alisema Leonard.

"Sitaki."

"Niulize, dada."

Enid hakumgeuzia kisogo safari hii. Alitazama fremu ya mlango, zile alama za penseli zinazokoma juu kidogo ya kitasa. "Unakwendaje, Len?"

"Unakwenda kasi zaidi mno."

Hakupaza sauti. Alilitoa lile neno taratibu, kama mtu anavyoshusha jeneza, na lilipokwisha kutoka alijisikia mwepesi na mgonjwa kwa pamoja. Enid alipangusa makombo ya keki mezani. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Na ukisimama?"

"Ukisimama, utanichukia."

"Nitakuchukia," alikubali. Alifikiri. "Kidogo."

Alinyanyuka, akaosha vikombe viwili, akavikausha. Kimoja alikirudisha kwenye ndoano. Kingine akakitia mfukoni mwa koti.

Jumapili Leonard aliandika mstari wake, na mchungaji alipousoma hakuna aliyekohoa. Jumatatu halmashauri ilibandika karatasi nyekundu. Neville alileta trela, akabeba kitanda, saa ya ukutani na sanduku la nguo, akiapa njia nzima kwamba si tabu kubwa. Fremu ya mlango ilikataa kung'oka. Wilf aliifunga kwa misumari ya meli, na walipoanza kuipiga nyundo dari lilitoa mlio, Neville akaweka nyundo chini na kusema labda waiache.

Kisha ukingo ukasimama.

Wiki ya kwanza Leonard alikwenda kuuangalia kila siku baada ya kifungua kinywa. Ufa haukupanuka hata kwa unene wa sarafu. Bahari ilikuwa imelala, inang'aa, ina adabu za mgeni. Wiki ya pili nyumba ilikuwa imesimama palepale, mapazia yake yameteremshwa, na mwenye duka la magazeti alimwuliza Leonard, akimrudishia chenji, kama ana hakika hakukosea kidogo. Wiki ya tatu mtu alichora kwa chaki kwenye ukuta wa kanisa: MNO. Leonard aliifuta kwa mkono wa koti, na alipogeuka alimwona baba yake waziwazi akilini, mzee na baiskeli, akipita upande wa kivuli.

Enid alilala katika chumba cha nyuma nyumbani kwa mdogo wake. Dirisha lilitazama gereji. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomchoma Leonard. Kila asubuhi alimenya viazi na kuuliza bila kuinua uso: "Unakwendaje?"

Ingekuwa rahisi kusema unakwenda. Hakuna ambaye angempinga. Uongo ule ungempa dada yake amani na ungempa yeye jina safi, na ulikuja mdomoni kila siku, umevaa vizuri. Lakini aligundua kwamba hawezi tena. Kitu kilichokuwa kimelegea ndani yake kilikazwa pale jikoni, na hakikulegea tena.

"Haujaenda," alijibu. "Hata unyayo."

"Haya," alisema Enid, na kiazi kikazunguka kwenye kisu.

Alhamisi kabla ya Jumamosi ya kwanza ya Desemba aliweka kisu chini, akapangusa mikono. "Lete kamba. Na ile yadi ya mbao ya baba."

Akakaa mezani nayo mchana kutwa. Yale mafundo madogo aliyafungua kwa jino la uma, moja moja, akitukana kimyakimya kwa maneno ambayo Leonard hakujua kwamba anayajua. Kisha akaipima kamba kwenye yadi ya mbao na kufunga upya, yadi kwa yadi, mafundo arobaini. Alipomaliza aliikunja duara na kumkabidhi.

"Sasa haina huruma," alisema. "Kapime vizuri."

Usiku upepo uligeuka, ukaanza kuvuma kutoka kaskazini mashariki. Ijumaa haukukata. Jumamosi asubuhi ulikuwa umetulia kidogo, na Leonard aliteremka Njia ya Pwani akiwa na kamba begani na fimbo mkononi. Neville alikuwa amesimama kwenye lango la shamba lake. Alivua kofia, jambo alilolifanya kwenye mazishi tu, na Leonard akampita akijua na akikataa kujua.

Baada ya kona ile ya mwisho, mahali palipokuwa na bomba la moshi juu ya ua, palikuwa na anga. Barabara ilikwenda vizuri, lami yake nyeusi kwa mvua, ikafika langoni na kwisha. Lango lilikuwapo. Kisanduku cha barua kilikuwapo. Leonard alishusha kamba begani kwa mazoea ya miaka ishirini, akashika ncha yake, na akatafuta kwa macho kitasa cha mlango wa jikoni, mahali pa kuanzia kupima. Alisimama hivyo kitambo, ncha ya kamba mkononi. Hakulala kifudifudi kuchungulia. Kulikuwa na vitu chini kule ambavyo hakutaka kuviona vikiwa majini, na urefu wa mtoto wa miaka saba ni kimojawapo.

Enid alikuwa dirishani aliporudi, ingawa dirisha lile lilitazama gereji na njia ilikuwa upande wa pili. Alimsikia akifuta viatu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipoingia, macho ya dada yake yalikwenda kwanza kwenye kamba. Ilikuwa kavu, imekunjwa duara lilelile alilolikunja mwenyewe, hakuna fundo lililofunguka.

Hakumwuliza unakwendaje. Alitoa kikombe mfukoni mwa koti, alikokiacha mwezi mzima, akakisuuza, akakiweka karibu na cha Leonard, na akaliweka birika motoni.